Kichwa cha Kinyozi

Baba yangu alikuwa kinyozi, na siku tunamzika alikuwa amenyolewa vizuri kuliko siku yoyote ya miaka yake ya mwisho. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Lakini nikianzia hapo hamtanielewa, kwa hiyo ngojeni.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, katikati ya fundi viatu na mama muuza mayai. Ndani mlikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, benchi la wateja, redio iliyoshika stesheni moja tu, na pazia la bluu alilolivuta akitaka kumtenga mteja na macho ya watu. Ukutani aliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: KICHWA NI HESHIMA. Hakuwa anatania. Ukifika nyumbani ukakuta kijinywele kimebaki nyuma ya sikio, ulikuwa na ruhusa ya kurudi hata kesho yake, na angeacha chakula mezani akuondolee. Watu walimwita Mzee Makasi. Watoto wa mtaani walidhani ndilo jina alilozaliwa nalo.

Sisi wanawe tulinyolewa bure na kwa lazima. Kaka yangu, ambaye siku hizi ni mwalimu wa udereva, alinyolewa na Baba mpaka asubuhi ya harusi yake. Mimi nilijitoa mapema. Nilipopata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno nilitangaza kwamba nywele zangu sasa ni zangu, nikazifuga, na zikakubali kufugwa. Zilinifika mgongoni. Wagonjwa wenye meno yanayouma walisahau kidogo maumivu wakaniuliza napaka nini. Baba alizitazama kama mkulima anavyotazama shamba la jirani lililoota majani, akasema, "Haya. Ukichoka, kiti kipo."

Sasa mwanangu. Alipokuwa mchanga aliugua akalazwa, mshipa wa mkono ukakosekana, manesi wakamnyoa upande mmoja wa kichwa wakamtundikia dripu hapo. Alipona, Mungu ni mkubwa, lakini kichwa chake hakikusahau. Ukimgusa kwa kitana ni vilio. Ukiwasha mashine ya kunyolea, hata iwe chumba cha pili, unamkuta chini ya kitanda. Nilijaribu pipi, nikajaribu vitisho, nikajaribu akiwa amelala. Hiyo ya mwisho simshauri mtu. Muda wa kuanza shule ulipokaribia, na shule ile wasichana wote ni nywele fupi, nilimpeleka kwa Baba nikiwa nimeshakata tamaa.

"Mwache hapa," Baba akasema. "Nenda sokoni, urudi."

"Atapiga kelele mtaa mzima utoke nje."

"Nimesema nenda sokoni."

Niliporudi, pazia lilikuwa limevutwa na mle ndani kimya. Nikaogopa. Kisha pazia likafunguliwa, akatoka binti yangu kichwa kimekaa sawa, anakula biskuti. Nilimuuliza Baba amefanyaje. Alikung'uta kile kitambaa chake cheupe cha kufunga wateja shingoni, akakikunja, akasema ni siri ya kazi. Njiani nikamuuliza mtoto. Akanijibu huku makombo yanamdondoka: "Siri ya kazi."

Basi ukawa ndio utaratibu. Nywele zikirefuka nampeleka, pazia linavutwa, natumwa sokoni hata kama sina cha kununua. Baba alimwita Bosi. Bosi akiingia, mteja aliyeko kwenye kiti alimaliziwa harakaharaka na aliyeko benchini aliambiwa aje baadaye. Mzee mzima na umri ule, alisimama wima mtoto wa darasa la kwanza akipita.

Na miaka hiyo ndiyo Baba alianza kutuaibisha. Maisha yake yote alikuwa akinyolewa na rafiki yake, kinyozi wa upande mwingine wa mji, maana kinyozi hajinyoi, hilo kila mtu analijua. Ghafla akaacha kwenda. Akaanza kutembea na kichwa ambacho sijui nikieleze vipi. Hapa upara wa ukubwa wa sarafu, pale kichaka. Juu ya sikio, ngazi. Ungesema panya wamekesha wakimtafuna. Ukimuuliza nani kakufanya hivi, alikujibu kwa utulivu kama mtu aliyeulizwa saa: "Nimejinyoa mwenyewe."

"Baba, kinyozi hajinyoi," Kaka alimwambia.

"Huyu anajinyoa."

Kaka akaamua kwamba tatizo ni macho. Alimpeleka akapimwe, akamnunulia miwani. Baba aliipokea miwani kwa mikono miwili, akashukuru, akaipandisha juu ya paji la uso ikakaa huko, na safari iliyofuata kichwa kikawa kibaya zaidi.

Wateja nao wana macho. Ng'ambo ya barabara alikuwa amefungua kijana mmoja tunayemwita Staili, kwa sababu ya lile bango lake lenye vichwa vya kila namna, na wateja wa Baba walianza kuvuka mmoja mmoja, wakipita wanatazama chini. Sikuwalaumu. Ukimwona fundi cherehani amevaa shati lililoshonwa upande, wewe utampelekea kitambaa? Baba aliwapungia mkono tu. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake. Nilimwambia, Baba, rudi kwa rafiki yako akutengeneze, au hata vuka hapo kwa Staili, ni aibu ya siku moja tu. Si wewe uliyeandika hapo ukutani kichwa ni heshima? Aligeuka akautazama ukuta kama mtu anayehakikisha.

"Ni kweli," akasema. "Ni heshima." Akaendelea kufagia.

Alikufa hivyohivyo, asubuhi, ufagio mkononi. Ni moyo. Fundi viatu alisikia ufagio umeanguka akaja kutazama. Siku moja kabla alikuwa amemnyoa Bosi, kwa hiyo mtoto alikuwa safi, na Baba alikuwa na kile kichwa chake katika ubaya wake wote. Ungedhani amejinyoa ndani ya gari linalopita kwenye mashimo.

"Hatuwezi kumlaza mbele za watu hivi," Kaka akasema. Tulikuwa tumesimama pembeni ya mwili, mimi na yeye. "Kinyozi, halafu aende hivi? Watu watasema hana watoto."

Nilimkubalia. Ukisikiliza, ni neno la maana kabisa. Na aliyekufa haulizwi. Asiyekuwapo na lake halipo. Tukamwita Staili. Yule kijana alikuja na mkoba wake, akavaa aproni safi, akafanya kazi taratibu bila maneno. Mara moja tu alisimama, akaizunguka ile ngazi ya juu ya sikio kwa kidole, kama mtu anayesoma kitu, kisha akaendelea. Alipomaliza, Baba alifanana na picha yake ya ujanani. Kaka alilia, nikalia na mimi. Tulijiona watoto wa maana.

Watu wakapita kumuaga. Amependeza, walisema. Kama amelala. Zamu ya mwanangu ilipofika, mjomba wake alimnyanyua aone vizuri. Alitazama muda mrefu.

"Huyo si Babu."

"Ni Babu, mwanangu," nikamwambia. "Amepumzika."

"Si yeye," akasema, akataka kushushwa.

Mashangazi wakasema mtoto hajui kifo, msimsumbue. Tukaendelea na hotuba. Baba mwema, babu mwenye upendo, jirani mcheshi, yote ni kweli tupu, na ungebadilisha picha tu zingemtosha marehemu yeyote. Mimi mwenyewe nilisoma moja. Niliiandika kazini, kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Shule zilifungwa, zikafunguliwa. Nywele za mtoto hazikujua kuna msiba, zilikua. Mwalimu wa zamu akamrudisha getini. "Mama, pole kwa msiba," akaniambia, "lakini sheria ni sheria. Akinyolewa, arudi." Nilimwomba, nikamweleza habari za dripu, akanisikiliza mpaka mwisho na bado sheria ikawa sheria. Baadaye akanipigia simu kwamba mtoto asipoonekana Jumatatu ijayo, nafasi yake anapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi.

Nilijaribu, jamani. Sijamgusa hata na kitana, nimeshika mkasi tu, ameshajifungia chooni. Kaka akaja kunisaidia. Ni mtu wa kusaidia, Kaka, hata usipomwomba.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema, akakunja mikono ya shati. "Mimi nashika, wewe unakata. Dakika mbili."

Alimshika. Mtoto hakupiga kelele safari hii. Alimng'ata. Kaka aliondoka na kidole kimefungwa kitambaa, akilalamika kwamba mtoto huyu ni gari lisilo na breki. Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu niliona uso wa mtoto. Hakuwa na kiburi. Alikuwa na huzuni ya mtu mzima, na mimi mama yake sikujua inatoka wapi.

Wiki nzima nilienda naye kazini. Alikaa chini ya meza ya mapokezi anachora. Alichora vichwa, vichwa tu, kimoja baada ya kingine, na vyote aliviwekea nywele kwa mafungu, fungu hapa, fungu pale. Daktari wa meno akaniambia mtoto wako atakuwa msanii. Nikamwambia kwanza awe mwanafunzi.

Jumamosi tulitakiwa kulirudisha duka. Mwenye nyumba alishapata mpangaji, na kiti kile cha kuzunguka Kaka alikuwa amemuahidi Staili. Wangekuja pamoja mchana kukichukua. Mimi nilitangulia asubuhi kufagia, na mtoto nikamchukua, ningemwacha na nani. Kwenye mkoba nilikuwa na mkasi. Nilijiambia labda akiona mahali penyewe atalainika. Isipokuwa hivyo, Jumatatu tungebaki nyumbani, na sikuwa na mpango mwingine.

Nilifungua mlango. Ile harufu ya poda na mafuta ya mashine ilikuwa bado imo. Mtoto aliingia kama mtu anayefika kazini. Alikwenda kwenye kona, akaburuta lile kreti tupu la soda tulilodhani Baba analiwekea miguu, akaliweka nyuma ya kiti. Akavuta pazia. Akachukua kitambaa cheupe msumarini, akakikung'uta mara mbili hewani, vilevile kabisa alivyokuwa akikung'uta Baba.

"Kaa," akaniambia.

"Nani akae?"

"Wewe. Babu alikuwa anaanza yeye. Halafu mimi."

Nilikaa bila kuelewa. Unajua mtu anavyoelewa kitu miguu ikiwa tayari imetangulia. Alipanda juu ya kreti, akanifunga kitambaa shingoni, akanipuliza kisogoni, fuu. Kisha akanyoosha mkono, akauchukua mkasi wa Baba kwenye glasi yake, na kwenye kioo nikamwona anazitazama nywele zangu. Zile nywele. Alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Babu ulikuwa unamkata wewe?"

"Kila mara. Yeye kwanza, ili nione haiumi. Akiumia, mimi sinyolewi. Tulipatana."

"Na aliumia?"

"Mara moja tu. Sikio." Akafikiri kidogo. "Alisema ni mbu."

"Mbona hukuniambia?"

"Siri ya kazi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya subira, kama ninavyosema na wagonjwa wanaouliza zamu yao kila dakika. "Lakini Babu hayupo. Sasa kinyozi wangu ni wewe, kwa hiyo unaruhusiwa kujua."

Ningeweza kumwambia chukua kidogo tu, hapo mwishoni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu nikamkumbuka yule mzee aliyekuwa hamruhusu mteja atoke na kijinywele kimoja, akitoka yeye mwenyewe nje mchana kweupe na kichwa kile, akiwapungia mkono wateja wake wanaovuka barabara.

"Haya, Bosi," nikasema. "Kata."

Akakata. Fungu la kwanza lilianguka mapajani mwangu, refu kama mkono, na sitasema uongo, niliumia. Kuna ndugu waliokufa sikuumia hivyo. Aliendelea. Ulimi ulikuwa umemtoka pembeni ya mdomo. Alinyoa hapa akaruka pale, akarudi, akapunguza, akaharibu, akatengeneza alichoharibu kwa kukiharibu zaidi. Mimi nikabaki nikitazama kioo. Upara wa ukubwa wa sarafu ukatokea juu ya paji. Ngazi ikajijenga juu ya sikio. Kidogo kidogo, mbele ya macho yangu, kichwa cha Baba kikarudi.

Ndipo nikaelewa na lile la siku ya mazishi. Mtoto alikuwa amemfanyia kazi babu yake, kazi ya mwisho, kazi ya siku moja kabla, halafu akanyanyuliwa aone mtu mwingine amelala pale, nadhifu, na kazi yake hakuna. Hakuwa hajui kifo. Sisi ndio tulikuwa hatujui.

Nililia. Kwenye mazishi nililia nikijua wanaonitazama ni akina nani. Hapa nililia hovyo, na makamasi.

"Usitikise kichwa," Bosi akasema.

Alipomaliza alishuka, akanifungua kitambaa, akakikung'uta, akapanda kwenye kiti mwenyewe. Akanielekeza. Mashine hapana, mkasi tu. Yeye ashike kioo kidogo cha mkononi, aone kila ninachokata kabla sijakikata. Nikifika upande wa kushoto, ule wa dripu, nisimame mpaka aseme ndiyo. Nilifika nikasimama. Mabega yalimpanda mpaka masikioni. Nilingoja. Barabarani magari yalipita, fundi viatu aligonga misumari yake, nikaendelea kungoja.

"Ndiyo," akasema.

Nilikuwa kwenye upande huo, nakata unywele kwa unywele, pazia lilipofunguliwa. Kaka, kofia yake ya kazini kichwani. Nyuma yake Staili, amekuja kubeba kiti. Kaka alimwona mtoto ametulia chini ya mkasi akafungua mdomo kwa furaha, kisha akaniona mimi.

"Mungu wangu. Nani kakufanya hivyo?"

Kwenye kioo mtoto alinitazama.

"Nimejinyoa mwenyewe," nikasema.

Kaka akaanza kucheka, kwa mazoea. "Dada, kinyozi haji..."

Hakumaliza. Macho yake yalikwenda kwenye ile ngazi juu ya sikio langu. Yakaenda kwenye kreti nyuma ya kiti, kwenye nywele zangu sakafuni, kwenye mikono ya mtoto iliyojaa vijinywele mpaka viwikoni.

"Huo mkono naujua," Staili akasema kwa sauti ya chini. "Nilijua hajajinyoa. Sikujua niseme nini."

Kaka akakaa kwenye benchi la wateja. Alikaa kama mtu aliyetwishwa mzigo asioujua. Yeye ndiye aliyesema hatuwezi kumlaza hivi, na mimi ndiye niliyemkubalia.

"Miwani," akasema. "Nilimnunulia miwani." Kisha: "Tulimnyoa."

"Mlimharibu," mtoto akasema. Hakusema kwa hasira. Alitoa tu taarifa, kinyozi kwa mteja.

Nilimaliza upande ule, nikampuliza kisogoni, nikakung'uta kitambaa. Haikuwa kazi nzuri, lakini zilikuwa fupi, na mwalimu wa zamu hakusema lazima ziwe sawa. Mtoto alijitazama kulia na kushoto kwenye kioo kidogo, akashuka.

Staili aliaga. Kiti hakukigusa, wala hakuna aliyemuuliza. Kaka alibaki pale benchini, kofia ameivua anaizungusha mikononi. Nywele zake anazipenda, mchirizi wa pembeni, mafuta kila asubuhi. Aliinuka, akaja, akakaa kwenye kiti cha Baba, akatazama mbele.

"Bosi," akasema, "una nafasi?"

Mtoto alimtazama kidole, kile alichokiuma. Kisha akapanda kwenye kreti.

Jumatatu nilimfikisha shuleni, mwalimu wa zamu akamtazama kichwa, akanitazama changu, akafungua geti. Nikaenda kliniki. Kaka naye alikwenda kazini kufundisha watu magari. Mwanafunzi wake wa kwanza, mwanamke mmoja mwoga wa usukani, ndiye aliyekuja kunisimulia alipokuja kung'olewa jino. Anasema mwalimu alivua kofia kwa sababu ya joto, naye akashindwa kujizuia, akamuuliza kinyozi gani kamfanyia vile.

"Nimejinyoa mwenyewe," Kaka akamwambia. "Tazama barabara."